Rangi Mbili za Kidonge, Rangi Mbili za Kijidudu

Miaka kadhaa iliyopita mwanangu wa mwisho alijikata mguuni kwa jembe. Kidonda hakikuwa kikubwa. Nilitembea hadi barabarani hapa Mikumi, pale yanaposimama mabasi ya Iringa na Mbeya, nikaingia katika duka la dawa na kutamka maneno ambayo wazazi wengi wa nchi hii wamewahi kuyatamka: “Nipatie vile vidonge vya rangi mbili, vinne.” Muuzaji hakuniuliza mgonjwa ni nani wala anaumwa nini. Nilirudi nyumbani, nikafungua viwili na kuunyunyiza unga wake juu ya kidonda. Viwili vilivyobaki mtoto alivimeza, kimoja jioni na kingine asubuhi yake.

Baada ya wiki moja mguu ulikuwa umevimba hadi gotini na mtoto anatetemeka kwa homa. Tulilazwa hospitalini siku nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Daktari aliponiuliza nilimpa dawa gani, nilimjibu kwa kujiamini: “Rangi mbili.” Akaniuliza: “Rangi mbili zipi?” Sikuwa na jibu.

Jibu nimelipata mwaka huu kwa dada yake yule mtoto, binti yangu anayesomea stashahada ya famasi. Kila anaporudi likizo huja na madaftari yake, na mawili kati ya hayo nimeyasoma pamoja naye jioni baada ya chakula: moja la kemia ya dawa, jingine la elimu ya vijidudu. Nilidhani ni elimu ya maabara tu. Nimegundua kwamba karibu kila ukurasa unahusu jambo linalotendeka katika nyumba zetu, na mara nyingi linatendeka vibaya.

Rangi za kijidudu

Tuanze na rangi zenyewe. Kapsuli ni ganda tupu lililojazwa unga. Rangi zake huchaguliwa na kiwanda: kimoja hutia nyekundu na njano, kingine nyekundu na nyeusi, cha tatu bluu na waridi. Dawa moja yaweza kuvaa rangi tofauti, na dawa mbili zisizohusiana kabisa zaweza kuvaa rangi zilezile. Anayeomba “rangi mbili” hajataja dawa bado.

Ganda hilo kwa kawaida ni jelatini, inayotokana na ngozi na mifupa ya wanyama, aghalabu ng’ombe au nguruwe. Familia ya Kiislamu ina haki ya kuuliza chanzo chake. Mfamasia aweza kusoma maelezo ya kiwanda na kukuambia kama dawa hiyohiyo ipo katika umbo la kidonge au la maji, kwani nyingi zipo. Penye shaka ya hukumu, waulizwe wanavyuoni. Lililo kosa ni kukaa kimya na kuacha dawa njiani.

Rangi zenye maana ziko kwa kijidudu. Mwaka 1884 tabibu wa Kidenmaki, Hans Christian Gram, akiwa Berlin, alikuwa akichunguza mapafu ya watu waliokufa kwa nimonia. Aligundua kwamba akiwatia bakteria rangi ya zambarau, kisha iodini, kisha akawaosha kwa spiriti, baadhi yao hubaki na zambarau yao na wengine hupauka. Baadaye wataalamu waliongeza rangi ya waridi ili wale waliopauka nao waonekane. Hadi leo, zaidi ya miaka 140 baadaye, mwanafunzi wa famasi hufundishwa kazi hiyohiyo: tone juu ya kipande cha kioo, moto kidogo, rangi, kisha jicho kwenye hadubini.

Tofauti hiyo ya rangi ni tofauti ya ukuta. Bakteria wa zambarau wana ukuta mnene unaoishikilia rangi. Miongoni mwao wamo wengi wanaosababisha usaha wa vidonda na maumivu ya koo. Wale wa waridi wana ukuta mwembamba, lakini juu yake wamevaa utando wa ziada unaozuia dawa nyingi kupenya. Humo wamo wa kipindupindu, wa homa ya matumbo na wengi wa maambukizi ya mkojo. Kijidudu cha kifua kikuu hakishiki vyema rangi hizi na kina kipimo chake. Virusi vya mafua havina ukuta kabisa, ndiyo maana hakuna antibaiotiki inayovigusa, iwe ya rangi mbili au ya rangi saba.

Hapo ndipo nilipolielewa swali la daktari. Mwenye kuichagua dawa ni aina ya kijidudu na mahali kilipo mwilini. Mimi nilichagua kwa kuangalia ganda.

Pete inayovunjika

Daftari la kemia lina mchoro ambao binti yangu ameurudia mara nyingi: pete ndogo ya pembe nne, atomi tatu za kaboni na moja ya naitrojeni. Ndiyo kiini cha penisilini, ambayo Alexander Fleming aliigundua London mwaka 1928 alipoona ukungu umewaua bakteria waliouzunguka katika chombo chake. Amoksisilini tunayoijua sote ni ya ukoo huo.

Pete ya pembe nne ni pete iliyokunjwa kwa nguvu, na hutamani kufunguka. Bakteria anapojenga ukuta wake hutumia vimeng’enya ambavyo ni mithili ya mafundi waashi. Fundi anapoishika pete hiyo, pete hufunguka na kumnasa palepale. Ujenzi husimama, ukuta hudhoofika, maji huingia na bakteria hupasuka. Seli za mwanadamu hazina ukuta wa namna hiyo, ndiyo sababu dawa hii humwua mgeni bila kumbomolea mwenyeji nyumba. Hata hivyo, wako wanaodhurika nayo kwa mzio, na hao lazima waseme kabla ya kupewa.

Pete hiyohiyo ndiyo udhaifu wa dawa, kwa sababu maji pia huifungua, polepole. Hii ndiyo maana dawa ya maji ya watoto huuzwa ikiwa unga mkavu. Mama huongeza maji yaliyochemshwa na kupoa hadi kwenye alama ya chupa, akatikisa, na tangu saa hiyo dawa imeanza kuhesabiwa siku. Lebo nyingi husema siku 7, nyingine hadi 14 ikiwa katika friji. Chupa iliyobaki kabatini tangu mfungo uliopita haina dawa ya kutegemewa, hata kama bado inanukia matunda.

Joto nalo huharakisha kuharibika. Dawa nyingi huandikwa zihifadhiwe chini ya nyuzi 30, na sisi tunaoishi katika bonde hili twajua bati linavyowaka mwezi Novemba. Rafu iliyo karibu na paa, dirisha linalopigwa na jua na kabati lililo juu ya jiko si mahali pa dawa. Kijiko cha chai nacho si kipimo, kwa kuwa vijiko vya nyumba moja havilingani. Chupa ikija na kikombe au kijiko chake chenye alama, kitumike hicho.

Kutwa mara tatu

Juu ya bahasha ya dawa huandikwa “1x3”, na mtoaji dawa hutamka: kimoja, kutwa mara tatu. Neno lenyewe limetuponza. Kutwa kwa Kiswahili ni tangu jua lichomoze hadi lizame, na usiku una neno lake, kucha. Kwa hiyo wengi wetu humeza kidonge na chai saa 1 asubuhi, kingine na chakula cha mchana saa 7, cha tatu saa 2 usiku. Kuanzia hapo hadi asubuhi ni saa 11 bila dawa. Bakteria hawana kutwa, wanafanya kazi kutwa kucha.

Hesabu ifuatayo inatoka daftarini. Bakteria wa kawaida wa utumbo, akiwa katika mazingira mazuri ya maabara, hugawanyika na kuwa wawili kila dakika 20. Katika saa 8 atakuwa amegawanyika mara 24, na mmoja atakuwa zaidi ya milioni 16. Ndani ya mwili kinga yetu huipunguza kasi hiyo, lakini hesabu inaonyesha tabia ya adui. Amoksisilini nayo hupungua nusu damuni kila saa moja takriban, ikitolewa na figo. Miligramu 500, hata zikiingia zote damuni, baada ya saa 8 zitakuwa zimebaki chini ya 2. Hapo ndipo kidonge kinachofuata kinapohitajika. Kikichelewa saa 3 zaidi, wale waliosalia wamepata nafasi.

Basi “mara tatu” maana yake ni kila baada ya saa 8, na Mwislamu ana saa ya kumkumbusha bila kununua. Baada ya swala ya Alfajiri, saa 11. Baada ya Adhuhuri, saa 7 mchana. Na kabla ya kulala, baada ya Isha, saa 3 usiku. Kati ya kila moja ni saa 8 kamili. Dawa ya mara mbili ifuate Alfajiri na Magharibi. Binti yangu anasema hakufundishwa hivyo darasani, ila alipopiga hesabu aliona zinalingana.

Vipi mwezi wa Ramadhani? Kati ya daku na futari kwetu ni zaidi ya saa 13. Dawa ya kila saa 8 haiwezi kuenea humo, na kumeza mbili kwa pamoja wakati wa kufuturu hakufidii ile iliyokosekana. Kuna dawa zinazokaa mwilini muda mrefu. Azithromaisini, kwa mfano, huchukua siku mbili hadi nne kupungua nusu, hivyo hutolewa mara moja kwa siku. Lakini si kila ugonjwa hutibika kwa dawa hiyo, na haifai mtu ajichagulie. La kufanya ni kumwambia daktari mapema: “Nimefunga.” Akiona ipo dawa inayofaa atakupa, na akisema haipo, ruhusa ya mgonjwa kula na kulipa siku nyingine imo ndani ya Qur’ani yenyewe, katika Surat Al-Baqara. Kuficha saumu kwa daktari na kuficha dawa kwa familia hakumsaidii mgonjwa.

Bwana na mkewe

Mwaka 1945 Fleming alipokwenda kupokea Tuzo ya Nobel pamoja na Howard Florey na Ernst Chain, hakuishia kusherehekea. Aliwasimulia wasikilizaji mfano wa bwana mmoja anayeumwa koo. Bwana yule ananunua penisilini na kujitibu kwa kiasi kidogo, kisichotosha kuwaua vijidudu bali kinachotosha kuwafunza kuizoea. Kisha anamwambukiza mkewe. Mke anapata nimonia na kutibiwa kwa penisilini, lakini vijidudu vilivyomfikia vimekwisha kuwa sugu, naye anafariki. Fleming aliuliza ni nani aliyesababisha kifo cha mama yule. Ilikuwa hadithi ya kubuni, lakini niliisoma nikiukumbuka mguu wa mwanangu na vidonge vyangu vinne.

Usugu hautokani na mwili kuizoea dawa, kama tunavyosema mitaani. Wanaobadilika ni vijidudu. Katika mamilioni wanaozaliwa wamo wachache wenye tofauti ndogo katika vinasaba vyao. Wengine wana kimeng’enya kinachoikata ile pete ya penisilini kabla haijafika kwa mafundi. Chain na mwenzake Edward Abraham walikiona kimeng’enya hicho tangu mwaka 1940, kabla dawa haijafika kwa wagonjwa. Dawa nusu huwaua walio dhaifu na kuwaachia uwanja wale sugu. Bakteria pia hupeana vinasaba hivyo wao kwa wao, hata kwa jamaa wa aina nyingine. Kwa hiyo usugu uliozaliwa katika nyumba moja haubaki katika nyumba hiyo.

Sisi Watanzania tuna ushahidi wetu wa karibu, ingawa huo ni wa vimelea vya malaria na si wa bakteria. Walio na umri wangu wameikulia klorokwini na uchungu wake. Mwaka 2001 Tanzania Bara iliiacha kwa sababu haikuwa ikitibu tena, ikachukua SP. Ilipofika mwishoni mwa 2006, SP nayo ikaachwa kuwa tiba ya kwanza, tukaingia katika dawa mseto ambayo tunayo hadi leo: dozi sita katika siku tatu, ya pili saa 8 baada ya ya kwanza, pamoja na chakula chenye mafuta kidogo. Katika miaka ya karibuni watafiti wamekuta mkoani Kagera vimelea vyenye mabadiliko yanayoipunguzia nguvu dawa hii pia. Hatuna akiba kubwa ya dawa nyuma yake.

Kwa upande wa bakteria, watafiti walikadiria kwamba mwaka 2019 usugu wa dawa uliua moja kwa moja watu milioni 1.27 duniani, na eneo letu la Afrika kusini mwa Sahara ni miongoni mwa yaliyoumia zaidi. Wilaya ya Kilosa ni ya wakulima na wafugaji, hivyo jambo hili linafika hadi zizini. Oksitetrasaiklini anayodungwa ng’ombe ni ndugu wa tetrasaiklini ya binadamu. Lebo yake hutaja siku za kusubiri kabla ya kukamua maziwa ya kunywa au kuchinja, na siku hizo zaheshimiwa kwa faida ya mnywaji.

Maduka ya Dawa Muhimu yalianza mkoani Ruvuma mwaka 2003, na Morogoro ni miongoni mwa mikoa iliyofuata. Yamesogeza dawa karibu na vijiji vilivyo mbali na hospitali, na ni neema. Lakini antibaiotiki ni dawa ya cheti. Muuzaji anayekuuliza cheti hajakudharau, anakulinda wewe na jirani yako.

Kopo la bibi

Likizo hii tulikwenda Kilosa mjini kumjulia hali mama yangu.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Umeshakuwa daktari?”

“Bado, bibi. Nasomea dawa.”

“Basi umekuja wakati wake. Dawa ninazo nyingi.”

Akaleta kopo la maziwa ya unga. Ndani yake mlikuwa na karatasi nusu za amoksisilini, vidonge viwili vya mseto vilivyobaki, kapsuli tano za rangi mbili alizopewa na jirani, chupa ya dawa ya maji iliyokwisha badilika rangi, na pakiti mbili za chumvichumvi za kuzuia upungufu wa maji. Juu yake palikuwa na bahasha mpya. Siku mbili nyuma alikuwa amepewa hospitalini vidonge kumi na vitano kwa ajili ya kifua. Asubuhi ile homa ilikuwa imeshuka, naye akaviweka akiba tisa vilivyosalia.

Nilitaka kusema neno, binti yangu akanitangulia kwa kumwuliza kwa nini huweka. Mama yangu akaeleza mafuriko ya Mkondoa ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, maji yalipobomoa nyumba na kuing’oa reli, na watu wakalala katika mahema. Tangu siku zile hatupi kitu. “Mtoto akiharisha usiku na njia imekatika, utampa nini?”

Lilikuwa swali la haki, na binti yangu alilijibu kwa haki. Alizichukua zile pakiti mbili na kumwekea mkononi. Mtoto anayeharisha, alisema, mara nyingi hahitaji antibaiotiki. Anahitaji hizi, zikoroge katika maji safi kwa kipimo kilichoandikwa, anyonye au ale kama kawaida, na apelekwe kituoni akapewe vidonge vya zinki vya siku 10 hadi 14. Akiwa na damu katika choo, amelegea, au hawezi kunywa, asisubiriwe hata kidogo. Kisha akamweleza kwamba masalia mengine yote hayatoshi kumtibu mtu hata mmoja, ila yanatosha kuwafunza vijidudu. Yasitupwe chooni wala mtoni. Yarudishwe kwa mfamasia, ambaye ana utaratibu wa kuyateketeza.

“Na hivi tisa?” akauliza bibi yake. “Mbona nimeshapona?”

“Umepata nafuu, bibi. Siku ngapi umeze ni daktari aliyepanga, na siku hizi maradhi mengine wameyapunguzia siku. Lakini apunguze yeye, si sisi.”

Akachukua kalamu, na juu ya bahasha, chini ya ile “1x3”, akaandika: Alfajiri. Adhuhuri. Baada ya Isha.

Siku tatu baadaye, usiku, mama yangu alipiga simu. Kifua kilikuwa kimetulia, na kidonge cha mwisho alikuwa amekimeza muda uleule. Akasema kopo limebaki na zile pakiti mbili tu.